Hodi ya Tatu Kwenye Basi la Ghorofa

Harufu ya rangi mbichi peke yake hainifanyi kitu. Udi nao nafukiza kila Alhamisi jioni, nyumba nzima inanukia na wala sishtuki. Lakini zikutane hizo mbili ndani ya chumba kimoja kilichofungwa madirisha, basi mimi nasimama pale pale nilipo. Hivi majuzi nilikuwa napaka rangi chumba cha baba, ghorofani nyumbani kwangu, maana alikuwa amekwenda Tanga kuikimbia baridi na alikaribia kurudi. Nimemaliza kuta mbili, simu ikalia kutoka Tanga. Baba aliswali alfajiri, akajinyoosha kidogo kitandani, hakuamka. Kwetu maiti hacheleweshwi, kwa hiyo habari iliponifikia walikuwa wameshamzika, na mimi nipo huku na brashi mkononi.

Mnajua nilifanya nini? Nilirudi kupaka ukuta wa tatu. Watoto wangu walikuwa shuleni, na watoto wale na babu yao ni chanda na pete. Nikajiambia nitawaambia wakirudi. Nilipofika katikati ya ukuta nikajiambia si leo, ngoja kwanza watu wakusanyike, jambo kama hili lina watu wake. Nikafukiza udi kuua harufu ya rangi, nikashuka kunawa mikono, na nilipopanda tena nikajikuta nimesimama mlangoni mwa chumba kitupu nabisha hodi. Nikabisha mara moja. Nikabisha mara ya pili. Hapo nikaganda, kwa sababu nilimjua aliyekuwa akibisha hivyo, mara mbili tu, na nilijua kwa nini.

Nawasimulia nyinyi wa rika langu, mliokulia huku ughaibuni kabla hatujawa wengi. Mnakumbuka mtu alivyokuwa akisikia Kiswahili dukani anaacha kikapu chake hapo hapo. Baba yangu aliwahi kumfuata mwanamke mmoja kutoka kwenye viazi mpaka kwenye sabuni za kufulia, kisa alimsikia akimwambia mwanawe, "Wacha hiyo." Mwanamke huyo alikuwa Mama Njeri, nesi, Mkenya aliyekaa mji wa Champlin, na tangu siku hiyo tukawa na ndugu. Ndugu wa kwenye sabuni, mama alikuwa akimwita, na yule naye akiitika.

Mama ndiye aliyetuleta. Alikuja kusoma chuo kikuu, baba akamfuata na mimi nikiwa nabebwa bado. Kwa kuwa baba alikuwa fundi wa bodi za magari tangu Tanga, alipata kazi kwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Harlan, mwenye karakana kule mji wa Savage, karibu na maghala ya nafaka yaliyo kando ya mto. Tulikuwa watatu na tulikuwa tunatoshana. Halafu bibi mzaa mama akaugua, mama akaenda Tanga kumuuguza. Bibi alipona. Mama ndiye aliyeshikwa na homa, na homa ile haikumpa nafasi hata ya kutuachia neno. Nawaambia mapema ili msihangaike nilivyohangaika mimi: mama alifariki katikati ya baridi, nami sikuambiwa mpaka theluji ilipoyeyuka.

Simu yenyewe naikumbuka. Ilikuwa asubuhi, nakunywa uji, baba amesimama jikoni na waya wa simu umemzunguka kiunoni. Alisema "ndiyo" nyingi. Kisha akasema, "Lini?" Alipoiweka nikamwuliza kwa Kiingereza kama alikuwa mama, maana siku hizo nilikuwa nasemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, mtoto wa kujiona mimi. Akasema walikuwa watu wa Tanga. Nikauliza mama anarudi lini. Akafungua bomba, akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, akasema bibi bado hajapata nafuu.

Msimwite mwongo. Kwetu habari ya msiba haiachwi mdomoni mwa mtu mmoja. Wanakuja wazee wachache, wanakuja wanawake wa kukushika, na yule mwenye ulimi laini anaanza kwa mbali, anakuuliza hali, anakukumbusha Mungu, mpaka mwili wako unajua kabla sikio halijasikia. Kwa mtoto ndiyo zaidi. Sasa baba, shangazi atamtoa wapi? Jirani wa kusikia kilio ukutani atamtoa wapi? Alikuwa na mimi tu, na uji unapoa. Akaona asubiri mpaka apate watu wa kulifanya jambo lile inavyotakiwa. Hilo ndilo kosa lake lote, nalo ni kosa ambalo mtu asiye wa kwetu asingeweza kulifanya.

Siku ile ile vitu vya mama vikatoka nyumbani. Sanduku lake, kanga zake, chetezo chake cha udi. Baba alivipakia nyuma ya gari mbele ya macho yangu.

"Unavipeleka wapi?"

"Kazini. Huko vitakaa vizuri."

Na kazini, mle karakanani, ndimo lilimokuwa basi.

Lilikuwa basi la ghorofa la Kiingereza, zee, lenye kibaraza wazi nyuma pa kupandia na ngazi nyembamba inayojipinda kwenda juu. Mzee Harlan alikuwa amelinunua likiwa limekaa miaka kwenye majani, kunguru wametaga ndani, na alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani ili alikodishe kwa maharusi. Alikuwa mzee wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata akiwa ndani. Alimwambia baba achukue muda wake. Mimi nilikuwa nikitoka shule napelekwa pale, nakaa kwenye kiti cha mbao karibu na hita, nafanya kazi zangu za shule huku pua imejaa vumbi la puti ya kuzibia mabati na harufu ya tina ya kuzimulia rangi.

Baba alisema huwezi kulirudisha gari kwao kama hujui lilikotoka. Kwa hiyo kabla hajagusa kitu kingine alichagua mahali padogo pembeni mwa ngazi, upana wa kiganja, akapasugua kwa msasa na maji, polepole, kila rangi akiibakizia ukingo wake kabla hajaingia ya chini. Mwishowe pakatokea duara ndani ya duara, kitunguu kilichokatwa hasa. Akanifundisha kukisoma kutoka ndani kwenda nje. Nyekundu ya katikati ilikuwa ujana wake, alipokuwa akibeba watu wa kazini katika mji mkubwa wenye mvua. Kijani ni alipochoka akauzwa kwenye mji mdogo, akawa anachukua wanafunzi. Bluu alipakwa baada ya kuvuka bahari, akitembeza watalii huku kwetu. Njano, wakamgeuza duka la aiskrimu kwenye maonyesho, ndiyo maana dirisha moja lilikuwa limekatwa likawa kaunta.

"Na hii nyeupe ya juu?" nikauliza.

"Hiyo ya mtu aliyekuwa anaficha kutu," baba akasema.

Kila alipobandua bati alikuta watu. Yaani vitu vya watu: kitana, ufunguo, glavu ya mtoto ya mkono mmoja, tikiti zilizolowana zikakauka zikawa ngumu. Hakutupa hata kimoja. Aliviweka kwenye kopo la maziwa la bati, juu ya rafu, akasema vina wenyewe. Kule juu, mbele kabisa, alikuta mbavu za paa zimevunjika zamani zikaungwa kwa mbao na fundi mwingine, halafu zikafunikwa. Akasema basi liliwahi kupita chini ya daraja fupi.

"Kulikuwa na watu?"

"Basi halitembei tupu, Mwanaidi."

Kuanzia hapo nililiogopa. Sikuliogopa kama mtoto anavyoogopa mbwa, nililiogopa kwa heshima, kama unavyoogopa chumba cha mgonjwa.

Sasa lile jambo la hodi. Mama alikuwa amenifundisha hodi kabla hajanifundisha kufunga viatu. Hodi ni tatu, alisema. Unabisha, unasubiri, unabisha, unasubiri, unabisha ya mwisho. Usipojibiwa unageuka unakwenda zako, huchungulii, huulizi. Aliye ndani ana haki ya kutokujibu. Baba kila alipotaka kupanda basi lile alisimama chini ya kibaraza, anavua kofia, anasema, "Hodi." Anasubiri. "Hodi." Anasubiri kidogo zaidi. Halafu anapanda. Ya tatu hakuibisha hata siku moja. Mimi mtoto wa kimbelembele, nilikuwa najishika nisimalizie.

Nikamwuliza siku moja kwa nini anabisha hodi kwenye gari.

"Gari lililobeba watu wengi hivi haliingiwi kimyakimya," akasema.

"Huwa wanakujibu?"

Aliangalia juu kwenye ngazi. Nakumbuka uso wake, ulikuwa na vumbi jeupe la puti mpaka kwenye nyusi. "Soma kitabu chako," akasema.

Juu nilikatazwa. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, amezing'oa karibu zote, ningetumbukia. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba kila siku, kabla hatujaondoka, alipanda akakaa kule mbele palipobaki mbao nzima, na alikuwa akizungumza. Nilimsikia. "Leo nimemaliza upande wa dereva, Rukia." Kimya. "Yuko hapo chini, anasoma." Kimya. "Anakula, ndiyo. Anakula vizuri." Rukia ni jina la mama. Na kile kimya hakikuwa kimya cha mtu anayejisemea. Kilikuwa na urefu wa mtu anayejibiwa. Baada ya hapo harufu ya udi inateremka kwenye ngazi, udi wa mama, naujua, ule wa kutoka Tanga wenye utamu, unachanganyika na rangi. Nilipomwuliza alisema anaua harufu ya tina.

Halafu kulikuwa na vishindo vya nyayo. Jamani, nisikilizeni vizuri. Hita ikishawaka na karakana ikaanza kupata joto, sikuzote ghorofa ya juu ya basi ilianza kulia, tak, tak, tak, kutoka nyuma kwenda mbele, mtu anatembea taratibu na viatu vya kisigino. Sasa mimi ni mtu mzima, najua bati la aluminiamu likipata joto linajinyoosha na ribiti, zile pini zinazolishika, zinalia. Siku hizo nilikuwa nasimamisha penseli, nasikiliza mama anakwenda kukaa dirishani.

Kwa kuwa mama alikuwa juu. Hilo nililijua bila shaka yoyote, na nililifikia kwa akili zangu, si kwa ndoto. Mama alikuwa amenihadithia jinsi yeye alivyowekwa ndani kabla ya harusi yake, kule Muheza: mwali anafichwa, haonwi na watu, anafukizwa udi, anasingwa mwili kwa manukato, anapelekewa chakula, mpaka siku yake anatolewa nje na kanga mpya na vigelegele. Haya, hebu nijumlishieni nyinyi. Sanduku la mama limekwenda kwenye basi. Udi unafukizwa kwenye basi. Baba anazungumza naye, mimi nakatazwa kumwona. Na Mzee Harlan mwenyewe kasema basi ni la maharusi. Nikaona wazi kabisa: mama amesharudi, kawekwa ndani, na basi likikamilika atatolewa. Niliona ni mzaha mzuri wanaonifanyia, nikaamua nisiwaharibie.

Mama Njeri ndiye aliyenithibitishia, maskini, bila kujua. Alikuja Jumamosi moja na sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kaendesha kutoka Champlin akavuka miji yote miwili mikubwa iliyo katikati yetu akiwa katoka kazini. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Watu wote walikuwa wakinikumbatia hivyo baridi ile, nami nikidhani ni furaha waliyokuwa wameibana. Akasimama na baba nyuma ya basi, nami niko upande wa pili wa bati.

"Baba Mwanaidi, huyu mtoto utamwambia lini? Hii kitu inanikula. Nikimwona nashindwa kumtazama kwa macho."

"Basi likiisha."

"Basi na hii maneno zinahusiana aje?"

"Dada, jambo hili siwezi kulisema peke yangu. Lina watu wake. Likiisha nitawaita nyote, mje na wanawake wengine, tulifanye kama linavyofanywa."

Mama Njeri akasema, "Harakisha basi. Mtoto si mjinga." Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono miwili nisicheke.

Nikaanza kumpelekea chakula. Mwali anapelekewa chakula, sivyo? Shuleni walikuwa wakitupa chungwa na chakula cha mchana. Mama alikuwa mtu wa Muheza, kwenye machungwa yenyewe, na alikuwa akiyadharau ya huku, anasema yamevaa vizuri lakini hayana maneno, na bado anakula mawili. Nikawa sili langu. Nikifika karakanani naliweka kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi, nabisha hodi zangu mbili kama baba, narudi kwenye kiti changu. Kesho yake chungwa halipo. Siwezi kuwaeleza furaha yangu. Baba alipita pale kila siku, hakusema lolote, nami nilimwona mwerevu sana kwa kunyamaza.

Baridi ikazeeka. Basi likawa linavaa. Sakafu mpya, viti vikashonwa, lile dirisha la aiskrimu likazibwa, nyekundu ikapakwa mara ya kwanza ikasuguliwa, ikapakwa tena. Baba alikonda. Alikuwa akimaliza kitu anakibomoa anaanza upya, mpaka Mzee Harlan akamwambia siku moja, kwa upole, kwamba mlango ule ulikuwa umenyooka tangu wiki iliyopita. Baba akasema bado. Mzee akamwangalia, akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena, akaenda zake. Nadhani alikuwa anajua. Nadhani kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi na mama.

Lakini gari lina mwisho wake. Mto ulipoanza kuvimba na barabara za Savage zikawa tope tupu, injini ilikubali. Ilikohoa moshi mweusi, ikatetemesha madirisha ya karakana, kisha ikatulia ikawa inanguruma vizuri. Baba aliizima akakaa nyuma ya usukani muda mrefu. Akasema, "Jumapili watakuja watu."

Jumapili hiyo nilivaa gauni langu la Idi. Baba alilitazama gauni, tukaondoka. Watu walikuja mchana kweupe, jua linawaka juu ya tope: Mama Njeri na lesso mbili, mume na mke wa Kitanzania kutoka Inver Grove Heights ambao tulikuwa tukiwaona sikukuu tu, wanafunzi watatu wa chuo waliokuwa wakisoma na mama. Wanawake wote wamejifunga kanga juu ya makoti. Kuna sinia limefunikwa. Mkeka umetandikwa sakafuni karibu na hita. Niliwaamkia wote, shikamoo, shikamoo, na wote wakaitikia kwa sauti ndogo. Basi limesimama katikati linang'aa, jekundu, kila mtu anajiona ubavuni mwake.

Baba akasema, "Mwanaidi, njoo ukae hapa na mama zako."

Mimi nikaona wanakosea. Mwali hatolewi hivyo, watu wamekaa chini wameinama. Labda ni kwa kuwa wengine ni Wakenya wa bara, nikawasamehe. Nikakimbia mpaka kwenye kibaraza cha basi, nikasimama chini ya ngazi, nikapiga kigelegele. Mama alinifundisha na nilikuwa nakijua hasa. Sasa nyinyi mnajua: kigelegele hakiachwi peke yake. Mwanamke mmoja akianza, wengine hupokea hata kama hawajui kuna nini, ulimi unakwenda wenyewe. Changu kilizunguka karakana, kikagonga mabati, kikarudi. Hakuna aliyekipokea. Mama Njeri alikuwa ameshika lesso yake mdomoni kwa ngumi mbili.

Nikaona labda nimeruka hatua, lazima kwanza kubisha.

"Hodi," nikasema.

Mama Njeri akaanza kunijia. Baba akamwambia, "Mwache, dada."

"Hodi," nikasema tena. Karakana ilikuwa na joto tangu asubuhi, mabati yalikuwa yameshajinyoosha yakamaliza. Hapakuwa na hatua hata moja kule juu. Nikageuka nimtazame baba, maana hapo ndipo sisi tulipokuwa tukiachia na kupanda. Hakupanda. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito unaonuka tina. Akavua kofia.

"Hodi," baba akasema.

Tulisubiri. Nilisikia maji ya theluji yakidondoka nje kutoka kwenye paa. Nilimsubiri mama kwa nguvu zangu zote, nikiangalia ile kona ya ngazi ambapo mguu wake ungetokea kwanza, na baba naye alisubiri, najua alisubiri, kwa sababu hakupumua. Halafu mkono wake ukanigeuza, kwa upole kabisa, kama tulivyofundishwa, tukalipa basi mgongo, tukarudi walikokaa watu.

Yule mama wa Inver Grove Heights ndiye aliyekuwa na ulimi laini. Alianza kwa mbali, akaniuliza hali, akanikumbusha Mungu. Hakukuwa na haja. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa, na aliyeniambia alikuwa mama mwenyewe kwa kutokujibu.

Watu walipokwisha kulia na kula, baba alinipandisha juu kwa mara ya kwanza. Kiti cha mbele kabisa, chini ya pale paa lilipovunjika likaungwa, kilikuwa kimetandikwa kanga. Sanduku lilikuwa pembeni, na chetezo. Na juu ya ukingo wa dirisha, kwa mstari, kulikuwa na machungwa yangu yote, ya mwanzo yamekauka yamekuwa madogo na meusi, ya mwisho bado yana rangi.

Nilimchukia baba kwa hayo machungwa. Nasema ukweli, nilimchukia mpaka nikawa msichana mkubwa, kwa sababu maana yake alijua. Aliniona kila siku nikimlisha marehemu na akaniacha. Nilipokuja kumwuliza nilikuwa tayari nina mimba ya mwanangu wa kwanza, na yeye hakujitetea. Alisema, "Kila asubuhi nilikuwa naamka nikijua nitakwambia leo. Nikifika pale nakuta chungwa kwenye ngazi. Mwanangu, dunia nzima ilikuwa imeshamzika. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye kwake Rukia bado ana njaa. Nikawa nasema kesho."

Basi lilikwenda kwenye harusi zake. Lile duara pembeni mwa ngazi baba hakulifunika, alilipaka vanishi tu, na Mzee Harlan hakumwuliza. Kopo la vitu vya wenyewe alilirudisha ndani ya ubavu wa basi kabla hajafunga bati la mwisho, na ndani yake nikaweka chungwa moja. Miaka ile ya ujana nililiona mara mbili tatu likivuka daraja la mto na riboni nyeupe, watu wamejaa juu wanacheka. Sikulipungia mkono. Niliangalia kile kiti cha mbele, basi.

Hayo yote yalinipita nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha baba, kuta tatu mbichi na moja ya zamani. Hodi mbili zimeshatoka. Kule ndani kitanda chake nilikuwa nimekisogeza katikati na kukifunika shuka la plastiki, na moshi wa udi ulikuwa ukitembea juu yake bila haraka. Simu ilikuwa inaita huko chini, ni watu wanaanza kupata habari, watakuja, watanisaidia, wataleta mikeka. Wangefika kesho, labda keshokutwa. Na mwanangu mdogo asubuhi ile alikuwa ameniachia mezani picha aliyochora, akaniambia niibandike chumbani kwa Babu aikute.

Nikabisha ya tatu.

Nikasubiri, kama nilivyofundishwa. Sikuchungulia, sikuuliza. Halafu nikageuka. Nje basi la shule lilikuwa linasimama, nikasikia milango yake ikifunguka na miguu ya wanangu kwenye theluji. Nikashuka ngazi upesi, rangi ingali kwenye kucha, nikawafungulia kabla hawajabisha.

"Vueni mabegi mje hapa kwangu," nikawaambia. "Babu amefariki."